Adabu ya Sekela

Mdogo wangu Atupele alimlea binti yake Sekela kwa adabu hadi akapitiliza. Mtoto wetu huyo akiulizwa na mkubwa anataka nini, alikuwa hachagui, alijibu tu, "Mtakavyoona ninyi." Wageni walimsifu, nasi tukavimba vichwa.

Adabu hiyo nusura itutokee puani mahakamani. Atupele na mumewe Wilbard walipoachana, wazee wa pande zote mbili waligawa watoto: Osea abaki kwa baba yake kule Mlowo, Sekela aje kwetu Vwawa na mama yake. Mwaka 2011 Wilbard, siku hizo mnunuzi wa kahawa mwenye pikipiki na maringo yake, akafungua shauri kumtaka na Sekela. Alidai ng'ombe wa mahari walitoka wote, kwa hiyo watoto wote ni wake. Sijawahi kumpenda mtu huyo na sifichi.

Hakimu, mama mtaratibu, alimwita Sekela mbele, akamuuliza angependa kuishi wapi. Binti wa miaka kumi na mmoja akapiga goti, akainamisha macho.

"Mtakavyoona ninyi, mama."

Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Mzee mmoja, mshauri wa mahakama, alitikisa kichwa kwa kuridhika, na hakimu akaandika. Nilitamani kumfinya yule mtoto. Tukimkosa kwa adabu tuliyomfunza wenyewe, nitamlaumu nani?

Atupele akaomba ruhusa ya kusema naye. "Sekela, mwanangu, hapa chagua. Sitakuona huna heshima."

Sekela akainua macho. "Basi nataka kwa baba. Osea hana mtu wa kulala naye kule."

Wilbard alitabasamu bila hata kujificha. Nilitaka kusimama niseme mtoto hajui asemalo, lakini Atupele alinishika mkono, akasimama yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka, sauti yake imetulia.

"Mheshimiwa, nimemsikia mwanangu. Naomba na Osea aulizwe. Tulipomgawa hakuna aliyemuuliza, hata mimi mama yake."

Wilbard akaacha kutabasamu. Hakimu alimtazama, akamwagiza aje na Osea kesho yake asubuhi.