Kengele Isiyo na Ulimi

Fusae Kuramoto alimdanganya mumewe kwamba anakwenda mji wa bandari wa Otaru kula samaki. Mzee Yasuji, ambaye katika ndoa yao yote hajawahi kumwona mkewe akipanda treni peke yake, alijikuna kidevu, akamwambia ale na fungu lake.

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Kubwa ni lile alilolificha nyuma yake. Tangu majira ya baridi masikio ya Fusae yalikuwa yanazidondosha sauti nyembamba: kwanza ndege, halafu birika linapochemka. Hayo angeyameza. Lililomkaba ni mjukuu wake Sayo, mtoto wa miaka mitano mwenye sauti kama uzi. Sayo angeongea, Fusae angetabasamu na kutikisa kichwa bila kuambulia neno, mpaka siku moja mtoto akamwambia mama yake kwamba bibi hampendi tena. Maneno hayo yalimfikia Fusae, yakamkata maini, na bado akanyamaza. Aliona haya kuzeeka, basi.

Akajitungia mtihani. Huko Otaru kulikuwa na karakana ya vioo yenye duka lililojaa kengele ndogo za kioo zinazolizwa na upepo. Akisikia hata moja, atajua bado ana masikio. Na mtihani kama huo ukienda na mtu utaishia kuigiza, ndiyo maana akaenda peke yake.

Kengele zilining'inia dari nzima, kila moja na kikaratasi chake cha kudaka upepo. Mlango ulikuwa wazi. Upepo wa bandarini ukaingia, vikaratasi vyote vikacheza, na wateja wakafumba macho kwa raha. Fusae hakusikia chochote. Alisimama chini ya vioo vile vyote vikitikisika kimya kimya, akaogopa kuliko alivyoogopa kwa daktari yeyote.

"Karibu, mama. Umekuja peke yako? Afadhali. Waume wakija hapa wanauliza choo kiko wapi, basi."

Aliyesema ni Orie, mwenye karakana, mwanamke wa makamo aliyejifunga taulo kichwani, mwenye sauti nzito ya kukwaruza. Alikuwa amenyanyua kwa uzi kengele iliyotoka kuchorwa samaki wekundu kwa ndani, akaitikisa mbele ya mgeni wake.

"Hii unaionaje?"

"Sauti yake nzuri mno," Fusae akasema kwa adabu. "Yaani ukiisikia, hata joto la kiangazi linapungua."

Orie akaiangalia kengele, akamwangalia Fusae. "Mama, hii sijaifunga ulimi bado. Haiwezi kulia."

Uso ukamwaka moto Fusae. Angeweza kuondoka, na miguu ilishageukia mlango. Badala yake akajisikia akisema, kwa mara ya kwanza, "Sisikii. Humu ndani sisikii hata moja."

Orie hakumpa pole. "Mbona mimi unanisikia?"

"Wewe una sauti nzito."

"Marehemu mama yangu akiiita sauti ya muuza viazi vitamu anayenadi barabarani. Kumbe ina kazi." Akakaza taulo lake. "Kioo chembamba kinalia kwa sauti nyembamba. Ngoja tutafute kinene."

Akachovya bomba tanuruni, akachota kioo cha moto mara mbili, tatu, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kikatokea kitu kikubwa kama tikiti, kinene, kisicho na umbo la kujivunia. Akakitia kwenye tanuri la kupozea.

"Rudi kesho asubuhi. Kinene kikipozwa haraka kinapasuka."

"Tiketi yangu ni ya leo jioni."

"Basi mpigie mumeo."

"Nimwambie nini?"

"Mimi napuliza vioo tu, mama. Ya mume ni yako."

Fusae alipiga simu nje, karibu na mfereji. Sauti ya Yasuji ilikuwa nene, hiyo hakuwahi kuipoteza. Akamweleza yote, hata kwamba sauti nzito tu ndizo zinazomfikia.

"Na Sayo?" Yasuji akauliza.

"Sayo ndiye simsikii kabisa."

"Haya. Lala huko, ule vizuri." Akakata.

Ndiyo hayo tu? Fusae alilala nyumba ya wageni na uchungu wake, akijuta kufungua kinywa.

Asubuhi Orie aliifunga ile kengele nene ulimi, akaitundika mlangoni. Upepo ukavuta karatasi. Ikalia chini chini, goo, na Fusae akaisikia. Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Inalia kama chura mwenye mafua," Orie akasema. "Lakini leo ukiisifia nitakuamini."

Hapo akaingia Yasuji, na kofia yake ya safari, amemshika Sayo mkono. Walikuwa wamepanda treni ya kwanza.

"Mtoto huyu amenitia aibu njia nzima," mzee akalalamika. "Anafanya mazoezi. Behewa zima lilikuwa linatutazama sisi."

Sayo akaja akasimama mbele ya bibi yake. Akavuta kidevu shingoni, akatunisha kifua, na kutoka chini kabisa ya tumbo akatoa sauti nzito, ya polepole, kama ya dubu.

"Bibi. Ni mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia," Fusae akasema, akapiga magoti.

"Basi kaa vizuri," akasema dubu. "Nina mambo mengi ya kukuambia."