Konsoli Haifunguki

Wenzake kazini walimwita Chiriku kwa sababu hakuweza kufanya kazi akiwa amefunga mdomo. Si kwamba alikuwa mmbeya. Alizungumza na mashine. "Haya mama, umeamkaje leo?" angeiuliza seva iliyogoma, na waliokaa naye chumba kimoja walishazoea, hawakugeuka tena kumtazama. Mtu pekee ambaye hakumwita jina hilo alikuwa mkuu wa kitengo, kwa kuwa huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na kwake alikuwa "mdogo wangu" hata mbele ya wateja.

Kaka ndiye aliyemwingiza pale. Kampuni yao ilitunza mashine za watu wengine: shule, maghala, hospitali moja kubwa. Seva zenyewe zilikaa kwenye chumba cha baridi upande wa pili wa mji, na ndani ya kila seva ziliishi mashine pepe nyingi, kama wapangaji wa nyumba moja ambao kila mmoja ana chumba chake na hajui jirani anapika nini. Kwa kawaida Chiriku hakuwa na haja ya kwenda huko. Alikaa ofisini, akafungua kivinjari, akaingia kwenye ukurasa wa usimamizi, na mpangaji akileta ukaidi alibonyeza neno "konsoli". Hapo dirisha lilifunguka na kumwonyesha kioo cha mashine ile, kana kwamba ameketi mbele yake na kibodi mapajani.

Asubuhi hiyo mkuu wa maabara ya hospitali alipiga simu kabla Chiriku hajatua mkoba. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole hata anapolalamika.

"Binti yangu, mashine yetu haipo."

"Haipo vipi, mama?"

"Haipo. Tukifungua mfumo unazunguka tu. Majibu yote ya damu yamo humo, na nina mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi."

"Naishughulikia sasa hivi, mama. Usikate tamaa."

Kwenye ukurasa wa usimamizi mashine ya maabara ilikuwa na alama ya kijani: inafanya kazi. Lakini Chiriku alipoiita kwa njia za kawaida haikuitikia. Akaona kwamba alfajiri ilikuwa imewekewa masasisho ikajizima na kujiwasha, na tangu hapo haikusema neno. "Umefumbua macho lakini hujatoka kitandani," aliinong'oneza. "Hebu nikuone." Akabonyeza konsoli.

Dirisha lilifunguka jeusi. Juu yake yakaja maandishi madogo, "Inaunganisha", yakakaa, yakakaa, kisha yakageuka: "Muunganisho umekatika."

Akafuta kumbukumbu za kivinjari. Akajaribu kivinjari kingine. Akafungua dirisha la faragha, akaruhusu madirisha yanayoibuka, akamsogeza jirani yake kwenye kiti na kujaribu kwa kompyuta yake. Weusi ni uleule. Akajaribu konsoli ya mashine ya shule, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Nayo nyeusi.

"Kumbe si wewe, mama," alisema. "Umesingiziwa."

Akatulia, akafikiri. Ukurasa wenyewe unafunguka vizuri, kwa hiyo njia ya ukurasa iko salama. Lakini picha ya konsoli haipiti njia hiyo. Inatoka moja kwa moja kwenye seva, kupitia mlango wake wenyewe. Akafungua paneli ya kivinjari inayoonyesha kila ombi linalotoka na kila jibu linalorudi. Ombi la konsoli lilitoka, likangoja, likafa. Hakuna aliyelikataa, na kukataliwa kungekuwa jibu. Hili liligonga ukuta palipokuwa na mlango jana.

Akampigia kaka yake.

"Kaka, konsoli hazifunguki, hata moja. Nani kagusa ukuta wa usalama?"

"Mimi," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Jana jioni. Wakaguzi wako hapa leo, basi nikafunga milango yote ambayo sikujua ina kazi gani."

"Mmoja wao ni wa konsoli."

Chiriku alisikia kiti cha kaka kikikwaruza sakafu.

"Ufungue, kaka. Maabara imekwama na kuna mtu yuko kwenye upasuaji."

"Sasa hivi siwezi. Nimekaa nao meza moja, wanatazama kila ninachobonyeza. Nikifungua wataniuliza kwa nini nilifunga."

"Si utawaambia ulikosea?"

"Mdogo wangu, tumia akili. Tafuta njia nyingine." Akakata simu.

Njia nyingine ilikuwa moja tu, kwenda kwenye chumba cha baridi na kuingia kutokea ndani, nyuma ya ukuta. Chiriku alichukua kompyuta yake mpakato, akatoka mbio. Barabara ilikuwa imejaa magari, na kila taa ya njia panda ilikuwa nyekundu kana kwamba imetumwa. Simu ikalia tena.

"Binti yangu, umefika wapi?"

"Niko njiani kwenda kwenye seva yenyewe, mama."

"Tumechukua damu upya, tunapima kwa mkono. Ni mama mjamzito. Tulikuwa na kila kitu chake humo, tangu kliniki ya kwanza." Sauti ya upole ilikuwa imeanza kupasuka. "Anavuja damu, na sisi hapa tunahesabu matone kwenye vioo."

Chiriku alishuka kwenye gari kabla halijafika, akamaliza mbio kwa miguu, simu ikiwa bado sikioni.

Ndani ya chumba cha seva kulikuwa na mngurumo usiokoma na ubaridi wa kutia meno ganzi. Alichomeka waya, akaweka kompyuta juu ya kiti na yeye mwenyewe akapiga magoti sakafuni. Ukurasa ukafunguka. Akabonyeza konsoli. Nyeusi.

"Usinifanyie hivyo," alisema kwa sauti, peke yake.

Safari hii jibu lilirudi, ila kivinjari ndicho kilichogoma. Cheti cha seva, kitambulisho chake cha usalama, kilikuwa kimepitwa na muda, na kivinjari hakikuiamini. Kwa ukurasa wa kawaida kingemwuliza kama anakubali kuendelea. Kwa konsoli hakikuuliza, kilifunga kimya kimya. Akafungua kichupo kingine cha kivinjari, akaandika anwani ya seva yenyewe, onyo likaja, akalikubali, akarudi.

Maandishi meupe yakajitokeza kwenye weusi. Alfajiri, mashine ilipojiwasha, ilikuwa imekuta hitilafu ndogo kwenye diski. Ikauliza: nirekebishe? Bonyeza kitufe chochote. Ikasubiri. Watu wote wale walikuwa wanahangaika, na yenyewe ilikuwa inangoja kidole tu.

Akabonyeza. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena kwa nguvu, akakaribia kuipiga ngumi kibodi, kisha akagundua kwamba anakibonyezea kivinjari, si mashine. Akabofya ndani ya dirisha kwanza, ndipo akabonyeza. Mistari ikaanza kukimbia.

"Ndivyo hivyo, mama. Ndivyo hivyo. Amka."

Ikaamka. Kule maabara wakapiga kelele hadi simu ikakwaruza. Majibu yalirudi, yakalingana na yale yaliyopimwa kwa mkono, damu ikapelekwa chumba cha upasuaji. Yule mama mjamzito akapona. Mtoto hakupona. Madaktari walisema huenda asingepona kwa vyovyote, na huenda walisema kweli. Hakuna aliyeweza kujua.

Lakini baba wa mtoto alikuwa amesimama kwenye ukumbi akamsikia muuguzi akisema "majibu hayaonekani, mtambo umekufa," na hakuwa mtu wa kumeza neno kama hilo akaenda kulala. Alikwenda kwa wakubwa wa hospitali. Hospitali ikaja kwa kampuni. Kampuni nayo ikaanza kutafuta mtu.

Waliitwa wote wawili kwenye ofisi ya mkurugenzi, kaka na dada. Jioni ile ya mkasa, wakaguzi walipoondoka wakisifu ukuta ulivyobana, kaka alikuwa ameufungua tena mlango wa konsoli bila kumwambia mtu. Chiriku hakuwa na wasiwasi. Njiani kwenye korido alikuwa hata amemshika mkono kaka yake, akamwambia, "Waeleze tu ilivyokuwa. Kila mtu hukosea." Kaka alikuwa ameitikia kwa kichwa.

"Nataka kujua jambo moja," mkurugenzi alisema. "Kwa nini konsoli hazikufunguka siku ile?"

Kaka alikohoa. "Kulikuwa na mabadiliko kwenye ukuta wa usalama, kwa ajili ya ukaguzi. Mabadiliko ya kawaida. Utaratibu ni kwamba fundi wa konsoli anaarifiwa, anazipima, na kama kuna tatizo anasema mapema. Nilimwarifu. Hakupima."

Chiriku alimgeukia. Alidhani amesikia vibaya.

"Kaka, uliniarifu lini?"

"Jioni ya kuamkia siku ile."

"Mimi ndiye niliyekupigia asubuhi. Ukaniambia umefunga milango usiyoijua. Nikakuomba ufungue, ukasema wakaguzi wanakutazama."

Mkurugenzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Unataka kuniambia mkuu wako anadanganya?"

"Nataka kukuambia kilichotokea."

Kaka alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyelazimishwa kusema asilolitaka. "Mkurugenzi, naomba radhi. Kosa ni langu mimi niliyemleta ndugu kazini. Ukimkemea mtu wa familia, analibeba hadi nyumbani. Tangu mwaka jana nimemvumilia mengi, nikisema ni damu yangu. Hasira unazoziona hapa ni za nyumbani, si za kazi."

Alilisema kwa huzuni nzuri sana. Chiriku alitafuta neno, yeye ambaye watu walimwomba anyamaze, akakuta kila neno atakalolitamka litakuwa ushahidi wa kaka yake. Akipaza sauti, ni zile hasira. Akilia, ni zilezile. Akasema tu, "Mungu anakuona," na hata hilo lilisikika kama maneno ya ugomvi wa jikoni.

Wakamwachisha kazi. Hospitali ikaarifiwa kwamba aliyehusika ameondolewa.

Mkuu wa maabara alimpigia mara moja tu. "Binti yangu, wamesema ni wewe. Mimi nilikusikia ukikimbia barabarani. Niliwaambia. Hawakuniuliza zaidi." Chiriku alimshukuru. Hakujua afanye nini na wema ule, kwa hiyo aliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Kilichomuuma zaidi ni mama yao. Mama alikuwa anaishi kwa kaka, kwenye chumba cha uani chenye dirisha kubwa, na habari ilimfikia ikiwa imeshapikwa na kuiva.

"Umemvua nguo kaka yako mbele za watu," mama alisema Chiriku alipokwenda kumwona. "Aliyekushika mkono akakuingiza mlangoni."

"Mama, yeye ndiye aliyefunga."

"Sijui amefunga nini, sijui kumefunguliwa nini. Mimi najua ana nyumba, ana watoto, na mimi mwenyewe nimo humohumo. Umtake radhi."

"Nimtake radhi kwa kosa lake?"

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," mama alisema, na akageukia nguo alizokuwa anazikunja.

Chiriku aliupata uchungu wa methali ile taratibu, akiwa njiani kurudi kwake. Mama hakusema kwamba kaka hakukosa. Alisema ubusu. Maana yake alijua, au alikisia, na alikuwa ameshachagua.

Alikaa bila kazi muda mrefu. Kila alipokwenda kwenye usaili waliuliza kwa nini aliacha pale. Mwanzoni alieleza yote, mlango wa ukuta, wakaguzi, mgonjwa, na akawaona wakitazamana. Baadaye akajifunza kusema "mambo ya kifamilia", nao wakaandika kitu kwenye karatasi na kumshukuru kwa kuja. Mwishowe akapata kazi kwenye ghala la vipuri, kutunza kompyuta za kaunta na kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Huko hakuna aliyemwita Chiriku. Alifanya kazi yake kimya.

Mwaka ulipokaribia kuisha mama aliugua, akapona, akataka watoto wake wale chakula meza moja. Chiriku akaenda. Kaka alikuwa amepandishwa cheo, amenenepa kidogo, akawa anacheka kabla ya mzaha kwisha. Wifi alimpakulia Chiriku minofu mikubwa kuliko ya wengine na hakumtazama usoni. Baada ya kula mama akawaamuru wapeane mikono. Wakapeana. Mama akafuta machozi, akasema sasa anaweza kufa kwa amani, na watoto wakamwambia, "Bibi, acha hayo."

Chiriku alipoaga, kaka alimfuata hadi getini. Kaka alikuwa anazungusha funguo za gari kwenye kidole.

"Mdogo wangu, nataka unielewe. Ningeondolewa mimi, hawa wote wangekwenda wapi? Mama angekwenda wapi? Wewe uko peke yako. Nilipiga hesabu, nikaona wewe ndiye ungeweza kuhimili."

Ni kweli alikuwa peke yake. Alikuwa amelisikia hilo kwa shangazi, kwa majirani, kwa mama mwenyewe, ila hakuwahi kulisikia likigeuzwa sababu.

"Pale kwenye korido nilikushika mkono," alisema. "Ungeniambia palepale. Ungesema, mdogo wangu, nibebee hili, nina watoto. Kaka, ningelibeba. Ningeingia mle ndani nikasema ni mimi, na wewe usingelazimika kusema lolote kuhusu damu yako."

Funguo zilikuwa zimesimama.

"Hukuniomba," Chiriku alisema. "Uliona rahisi zaidi kuniua."

Akavuta geti mwenyewe, akatoka. Nyuma yake alimsikia kaka akiita jina lake, lile la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua. Alitembea hadi barabara kubwa bila kugeuka, na aliposimama kusubiri gari, midomo yake ilikuwa inatikisika, lakini hakuna sauti iliyotoka.