Usawa wa Pua ya Anayelala

Bwana wa halmashauri ya mtaa, hapo Naryn, mji wa milimani wenye baridi kali, alimkuta Tatigul akikanda unga wa maandazi, mwana mgongoni, na Bibi Batma, bibi wa mumewe, akielea darini, kamba yake ya sufu imefungwa kwenye kabati la magodoro. Joto la jiko lilikuwa limempandisha Bibi huko juu tangu baridi ya mwaka jana. Mgeni alimwamkia kwa kuinua uso, akala mkate na siagi, kisha akatoa king'ora.

"Kila nyumba kimoja. Hiki si cha moshi, moshi mna macho. Hiki ni cha sumu ya makaa ya mawe, haina rangi wala harufu. Kikae panapolalwa, usawa wa pua ya anayelala. Msikifiche nyuma ya pazia."

"Pua ipi?" akauliza mzee Sagynbek, baba mkwe.

Weee! Hapo pakazuka ubishi mtamu. Mzee hulala chini, mkewe Kalipa kitandani kwa ajili ya maumivu ya kiuno, na Bibi darini.

"Pua ya mwenye nyumba!"

"Pua gani hiyo, inakoroma tu? Hata king'ora hatutakisikia!" Kalipa akamrudi.

Jikoni hakuna aliyepataja. Huko ndiko alikolala Tatigul na mtoto, ubavuni mwa jiko lililopasha moto nyumba nzima, tangu mumewe aende Moscow kujenga maghorofa ya watu. Mkamwana ndiye huwasha moto alfajiri; alale mbali kwa nini? Mikono yake kila mtu aliijua. Pua hawakumhesabia, naye akaendelea kukanda unga.

"Kileteni hapa," Bibi akasema. Akafungua kamba, akajisukuma dari kwa dari, akainama kupita mlangoni, akajifunga kwenye msumari wa sufuria, akakiteremsha king'ora kwa uzi hadi juu ya godoro la Tatigul, usawa wa pua yake alalapo.

"Bibi, utanigombanisha na watu."

"Lala, mwanangu. Wewe ndiye unayetuamsha sote."

Alasiri moja upepo ukairudisha hewa ya makaa ndani kupitia bomba la jiko. Tatigul alikuwa akinyonyesha, kichwa kizito, akadhani ni uchovu. King'ora kikalia, Bibi naye akakisaidia kupiga yowe. Tatigul akaupiga mlango teke, akaketi thelujini na mwanawe, akitapika na kucheka. Mtoto akapiga chafya. Bibi akatoka na hewa ya moto hadi mwisho wa kamba, akawaita majirani akiwa juu ya paa.

Kondoo akachinjwa. Majirani wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mzee Sagynbek alimbusu mjukuu huku machozi yakimtoka, machozi ya kweli kabisa. Kisha akakifungua king'ora uzini, akakipangusa kwa mkono wa koti, akakitundika sebuleni kando ya mto wake.

"Kumbe kinafanya kazi! Kitu kizuri namna hii si cha kukaa jikoni."

Wageni wakapiga makofi. Bibi alitukana huko juu, lakini nyimbo zilimzidi.

Tatigul akaongeza makaa jikoni, akamlaza mwanawe, akambusu kila kidole kwa furaha ya kuwa hai. Kisha akauacha mlango wa nje wazi kidogo, hewa ipite. Theluji ikaingia mpaka ukingoni mwa blanketi, naye akamvuta mtoto karibu.