Dakika Tatu za Loren Stadtmiller

Loren Stadtmiller aligombea kiti cha Kongresi ya Marekani bila chama, na mji mzima wa Harlow Fork ulimpenda bila kujua unampendea nini. Wagombea wa vyama vikubwa walipayuka mchana kutwa kuhusu wahamiaji, huyu anataka ukuta, yule anataka huruma. Stadtmiller akiulizwa alitabasamu na kusema, "Mimi nasikiliza." Hata mabango yake kando ya mashamba ya mahindi yaliandikwa hivyo tu. Basi watu wakamwona muungwana. Watu bwana! Ukinyamaza mbele yao, kila mmoja anakujazia maneno anayoyataka mwenyewe.

Aliyekuwa hajatosheka na kimya hicho ni Itzel Barragán, mwandishi wa gazeti dogo la wiki pale mjini. Na wala haikuwa kwa ajili ya gazeti. Mama yake, Eulalia, alikuwa amezeekea kwenye kiwanda cha nyama akikata mabega ya nguruwe, na hakuwa na makaratasi ya kuishi nchini. Itzel alizaliwa hapohapo. Yeye hakuwa na wasiwasi wa kwake, wasiwasi wote ulikuwa wa mama. Sasa Jumapili Stadtmiller alikuwa amemfuata mama nje ya kanisa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba amkusanyie nyumbani majirani wenye shida ya makaratasi, Ijumaa jioni, ili awasikilize.

"Wewe si ndiye mwenye kazi ya kuchimba watu?" mama alimwambia, huku anapaka unga uliokandwa kwenye maganda ya mahindi ya kufungia tamale, mikate ya mvuke ya kwao. "Nichimbie huyu. Ukisema mzuri, nawaita. Ukisema mbaya, naumwa tumbo."

"Na nikikosa jibu?"

"Ukikosa jibu basi hela ya chuo nilitupa mtoni."

Itzel akachimba. Mahakamani jina la Stadtmiller halikuwepo. Waliomchangia kampeni walikuwa wajane na wauza mbegu. Hotuba zake zote zilikuwa maji matupu. Likabaki jambo moja, mkutano wa zamani wa baraza la kaunti, enzi zile walipotaka kupitisha sheria ya kuwakataza wenye nyumba kuwapangisha watu wasio na makaratasi. Siku ile ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Wahamiaji nao walikwenda, wakasimama mmoja mmoja, wakasema. Na desturi ya kule ni kwamba huwezi kusema neno mbele ya baraza kabla hujataja jina lako na anwani yako kwenye kipaza sauti. Ukishataja, una dakika tatu. Kila kitu kinarekodiwa, na mtu yeyote, awe nani, ana haki ya kuja kusikiliza. Ni desturi nzuri hiyo, sikatai. Lakini mlango ulio wazi hauchagui wa kuingia.

Ijumaa mchana akafika kwa Bi Verna, karani wa kaunti, mama wa makamo aliyependa kuongea kuliko kufanya kazi.

"Kumbe gazeti bado lipo?" Bi Verna akamtania. "Nilidhani mmefunga."

"Tupo wawili, Bi Verna, na mmoja anaandika habari za mpira tu."

"Basi huyo ndiye anayesomwa."

Akampa muhtasari wa mkutano. Itzel akapitisha kidole hadi kwenye jina. Loren Stadtmiller, alisimama, hakutoa maoni. Basi. Akashusha pumzi, akapiga simu nyumbani.

"Mama, sijaona baya."

"Hujaona baya, au ni mzuri?"

"Sijaona baya, mama! Nikwambie mara ngapi?"

"Haya, usinifokee. Nawaita watu."

Hapo ndipo alipochemsha, mtoto wa watu. Muhtasari ni mchuzi uliochujwa. Mifupa inabaki kwenye sufuria. Alikuwa ameshaanza kuvaa koti Bi Verna aliposema, "Sauti yenyewe huitaki? Maana hayo naandika mimi, na mimi nikichoka nafupisha."

Itzel akakaa kwenye kiti cha pembeni. Alipovaa hedifoni zikamwangukia shingoni, zilikuwa zimepanuliwa kwa kichwa kikubwa.

"Nani kazitumia hizi?"

"Si huyohuyo Loren. Huja mara kwa mara, miaka yote hii. Anasikiliza mkutano huo mmoja tu, anashukuru, anakwenda zake. Ana adabu yule, hata kiti anakirudisha."

Itzel akazipunguza hedifoni mpaka zikamkaa kichwani. Kiti kilianza kumkera mgongoni, akasogea ukingoni, akabonyeza.

Alisikia sauti alizozijua. Tomasa Pacheco, mfumaji, akitaja nyumba yake ya Mtaa wa Elm kwa Kiingereza cha kujikongoja. Mzee Refugio Olmedo, fundi baiskeli. Fermín Ayala. Kisha sauti iliyomkata maini, ya mama yake, changa kuliko sasa, inatetemeka kwa woga na fahari: "Naitwa Eulalia Barragán. Naishi Mtaa wa Kilmer, namba tisa." Itzel hakuwahi kuambiwa kuwa mama yake alisema siku ile. Machozi yakamlenga.

Halafu mwenyekiti akaita, "Loren Stadtmiller." Hatua zikasikika. Akataja jina lake, akataja anwani yake, Barabara ya Kisima, nyumba ya mwisho. Kisha kimya. Watu wakakohoa. Kiti kikalia. Kimya kikaendelea, mpaka mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua acheke au aogope:

"Bwana Stadtmiller, sisi tuko huku."

Itzel akasimamisha. "Bi Verna, alikuwa ameangalia wapi?"

"Eh, hilo nalikumbuka! Alitupa mgongo. Akawageukia watu waliokaa, kipaza sauti mkononi. Nikadhani kapata kizunguzungu."

Itzel akaongeza sauti mpaka mwisho. Chini ya vikohozi palikuwa na kitu. Mtu alikuwa ananong'ona karibu sana na kipaza sauti, taratibu, kama mtoto anayekariri somo. Tomasa Pacheco, Mtaa wa Elm. Refugio Olmedo. Fermín Ayala. Eulalia Barragán, Mtaa wa Kilmer, namba tisa. Kisha anarudi mwanzo. Tomasa Pacheco. Dakika tatu nzima, hadi mwenyekiti alipogonga meza, naye akasema, "Nimemaliza. Asanteni."

Itzel akavua hedifoni. Tomasa alichukuliwa na maafisa wa uhamiaji mwaka uliofuata, alfajiri, akiwa na gauni la kulalia. Baada yake mzee Refugio, kwenye ubatizo wa mjukuu. Machi iliyopita, Fermín. Mji mzima ulisema ni bahati mbaya. Hakuna aliyewahi kuwapanga kwa zamu, lakini zamu ilikuwa hiyohiyo ya majina aliyonong'ona, na sasa aliyebaki alikuwa mama yake tu.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga kwa jirani, ikaita. Akatoka mbio, koti akaliacha.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya nafaka alipofika Mtaa wa Kilmer. Gari la Stadtmiller lilikuwa mbele ya nyumba, safi, limeegeshwa vizuri. Mlangoni Itzel akakuta kikapu cha mikate kimejaa simu ambazo watu waliombwa waziache hapo, zinaangaza na kuzima bila mlio. Ndani majirani wamekaa kwa duara, sahani za tamale mapajani, hakuna anayekula. Stadtmiller alikaa katikati, mikono magotini, na sura yake ilikuwa ya upole mtupu. Hilo ndilo lililomtisha Itzel kuliko yote.

"Karibu, binti," akamwambia. "Tunataka kuanza. Nimewaomba wafanye kama raia wanavyofanya kwenye baraza, kila mtu asimame, ataje jina lake na anapoishi. Mtu aliyetajwa jina si kivuli tena. Mama mwenye nyumba ndiye wa kwanza."

Mama alikuwa ameshasimama, amekunja aproni mkononi. Mdomo ulikuwa umefunguka.

Itzel angepiga kelele, lakini apige kelele akisema nini? Mtu kanong'ona? Mtu ana adabu? Angeonekana mwehu, na mama angemaliza sentensi yake. Akaingia katikati ya duara, akasimama mbele ya mama, akasema kwa sauti kavu:

"Naitwa Tomasa Pacheco. Naishi Mtaa wa Elm."

"Itzel!" mama akamaka. "Una wazimu? Tomasa wa watu unamchezea?"

Majirani wakamtazama kama amechanganyikiwa. Itzel alimkodolea macho Stadtmiller, akangoja. Naye Stadtmiller, macho yamelegea, midomo ikaanza kucheza yenyewe. Haikuwa sauti ya kuzungumza na mtu. Lakini chumba kilikuwa kimya, wakaisikia wote.

"Refugio Olmedo," akanong'ona.

Hakuna aliyekuwa amemtaja Refugio. Sahani ikaanguka. Don Chema, jirani mzee aliyekuwa rafiki wa Refugio kwa miaka yote ya kutengeneza baiskeli, akainuka polepole.

"Umesemaje wewe?"

"Fermín Ayala," midomo ikaendelea. Stadtmiller akaweka kiganja mdomoni kuizuia, na sauti ikapita katikati ya vidole. "Eulalia…"

"Loren Stadtmiller," mama akamkata.

Alikuwa amemsogeza Itzel pembeni. Hakuwa anatetemeka. Aliangalia uso wa yule bwana kama anavyoangalia nyama iliyoharibika kabla hajaitupa.

"Loren Stadtmiller," akarudia, "Barabara ya Kisima, nyumba ya mwisho. Na mimi nilikuwepo siku ile, bwana. Na mimi nilisikiliza."

Stadtmiller akatikisa kichwa, hapana, hapana. Lakini midomo haikumsikia. Ilichukua jina kama ilivyochukua mengine. Loren Stadtmiller, Barabara ya Kisima. Akarudia. Akainuka, akagonga kiti, akapapasa ukuta akitafuta mlango uliokuwa wazi mbele yake, akatoka huku ananong'ona, wakamsikia mpaka kona ya mtaa.

Watu wakachukua simu zao bila kusukumana. Usiku huo hakuna aliyelala kwenye anwani yake. Mama alifunga tamale zilizobaki kwenye taulo, akazitia kwenye gari la Itzel pamoja na nguo mbili tatu na picha ya marehemu mumewe.

"Ulisema hujaona baya," akamwambia binti yake.

"Nisamehe, mama."

"Endesha."

Asubuhi Itzel alirudi kuchukua dawa za mama. Gari la Stadtmiller lilikuwa bado liko mbele ya nyumba namba tisa, limeegeshwa vizuri, umande umekifunika kioo chote. Hakuna aliyekuja kulichukua siku hiyo, wala iliyofuata, na Stadtmiller mwenyewe hakuonekana tena mjini.