Madoa Meusi kwenye Chokaa ya Fundi Allal

Doa la kwanza lilikuwa dogo kuliko punje ya dengu. Ningelisugua kwa upole na kwa subira, pengine mzee angekwenda kaburini na jina lake zima. Lakini mimi nimesafisha mabwawa hapa Marrakesh kwa miaka ishirini na mbili, na doa likinitazama kutoka chini ya maji silali.

Bwawa lenyewe ni la Lalla Batul, mjane anayekaa kule kwenye mitende, nje ya mji. Si la saruji kama yale ya hotelini. Alilijenga baba mkwe wangu, Fundi Allal, kwa chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe la mtoni na kupakwa sabuni nyeusi mpaka ikang'aa, kazi tunayoiita tadelakti. Wengi huifanya kwenye hamamu na kwenye mabeseni. Bwawa zima la kuogelea ni wachache waliothubutu. Alilimaliza akiwa na miaka sabini, macho yameshaanza kuingia ukungu, akasema hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Mafundi wa chokaa walitoka mjini kuja kuliona, wakavua viatu, wakapapasa kuta kama wanaonunua farasi. Tangu siku hiyo, aliyetaja jina la Allal alitaja na bwawa la Lalla Batul.

Siku mzee aliponikabidhi bwawa nilitunze alinisimamisha ukingoni.

"Chuma kisiguse hapa," alisema. "Burashi ya manyoya na sabuni nyeusi, basi. Ukishuka, pete vua. Funguo ziache juu."

"Hata funguo, mzee?"

"Hata jino, kama ni la bati. Umenisikia, Shoto?"

Aliniita Shoto kwa sababu ya mkono wangu. Utotoni mama aliufunga kitambaa ili niuache, haukuachika. Kula nakula kwa wa kulia kama watu wengine, lakini kazi zote nazifanya kwa wa kushoto, na mzee hakuchoka kunichokoza. Mbele ya wageni alikuwa akisema amemwoza binti yake Hniya kwa mwanamume aliyevaliwa ndani nje, kama soksi. Hniya alicheka kila mara, na mimi nilicheka naye.

Mwani ulikuja na mpwa wa Lalla Batul. Kijana alirudi kutoka baharini Agadir na kaptura ya kuogelea ambayo haijakauka, akajitupa nayo bwawani. Mwani mweusi husafiri hivyo, kwenye nguo yenye unyevu. Wiki mbili baadaye nikaona lile doa, upande wa kivuli, karibu na ngazi.

Huu si mwani wa kijani unaoutia dawa asubuhi na jioni umeusahau. Mweusi una ganda juu na mizizi chini, na dawa hupita juu ya ganda bila kuingia. Hotelini nilikofanya kazi zamani tulikuwa na njia moja tu: burashi ya waya. Unasugua mpaka ganda linapasuka, ndipo dawa inashuka kwenye mizizi. Kwa Lalla Batul nilijaribu burashi ya manyoya siku tatu, doa likakaa pale pale. Siku ya nne mwenye nyumba alikwenda mjini. Nikafungua boksi la vifaa vyangu vya zamani, nikaitoa ile ya waya.

Sikusahau alichoniambia mzee, na nataka hilo lieleweke. Nilikumbuka kila neno. Nilijiambia kwamba yeye anajua chokaa na mimi najua mabwawa.

Doa likatoka, nikatembea kifua mbele wiki tano nzima. Kisha yakarudi madoa, na safari hii hayakuwa moja moja. Yalijipanga kwa mistari, ndani ya mikwaruzo niliyoiacha. Ule mng'ao wa jiwe na sabuni ndio uliokuwa ngozi ya lile bwawa, na mimi nilikuwa nimeuchana kwa mkono wangu. Badala ya kuacha nikasugua tena, kwa nguvu zaidi. Kufika masika, ukuta wa kivulini ulionekana umenyunyiziwa pilipili manga.

"Miloud, hii ni nini?" Lalla Batul aliniuliza.

"Mwani, Lalla. Unaondoka."

"Unaondoka kwenda wapi? Mimi naona unakuja."

Aliketi ukingoni, akaegemeza fimbo yake gotini.

"Nimengoja miezi minne kwa heshima ya Fundi Allal," alisema. "Baada ya Idi naleta watu wa vigae. Wavunje lote, wapige vigae, tupumzike. Mwambie. Kama anaweza kuliokoa, aje. Kama hawezi, anisamehe."

Nilikwenda kwa mzee jioni ile. Nilimweleza madoa, nikamweleza vigae. Burashi sikuitaja.

"Madoa?" aliuliza. "Kwenye chokaa yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Alishika glasi ya chai bila kuinywa, mpaka mnanaa ukazama chini. Nilimwona akipitia kazi nzima kichwani, pakiti kwa pakiti ya chokaa, akitafuta alipokosea. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Palikuwa na sisi wawili tu na chai.

"Mwaga maji," alisema mwishowe. "Nitakuja Jumatatu."

Jumatatu nilimshika mkono kumshusha ngazi za bwawa tupu. Wakati huo macho yake yalibaki kutofautisha mwanga na kivuli, hayakuona zaidi ya hapo. Alivua viatu, akavua pete, akanipa. Akaanza kupapasa ukuta kwa vidole vyake, vile vilivyoliwa na chokaa miaka hamsini mpaka vikakosa alama. Ofisi ya vitambulisho ilimrudisha nyumbani mara tatu kwa sababu mashine haikuona kidole. Lalla Batul alisimama juu, chini ya mwavuli, akitazama.

Mzee alipapasa polepole. Kwenye ukuta wa kivulini vidole vikasimama. Vikapanda kwa mshazari, vikashuka, vikapanda tena. Alisogea hatua moja, akafanya vile vile. Mimi nilielewa kabla hajamaliza. Anayesugua ukuta kwa mkono wa kulia, mikwaruzo yake hulalia upande mmoja. Yangu hulalia upande wa pili. Mwenye shoto katika nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu.

"Lalla Batul," aliita.

"Nipo, fundi."

"Kosa ni langu. Chokaa hii haikulala vya kutosha. Niliiwahi ikiwa mbichi, ndiyo maana imechanika na uchafu ukapata pa kukaa. Usivunje. Nipe siku sita nikurekebishie, na sitaki malipo."

Chokaa kulala, yaani kuloweshwa na kuachwa siku nyingi kabla ya kupakwa, ndilo somo la kwanza la kazi yao, la siku ile mtu anayofungwa aproni. Fundi mkubwa kusema aliiwahi chokaa ni sawa na mwokaji kusema hajui hamira. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, nikaufunga. Baadaye nilijiambia kwamba niliwafikiria watoto wangu wanne, lakini pale sikumfikiria mtu yeyote. Niliogopa tu.

"Hata wewe, Fundi Allal," alisema Lalla Batul. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na akaingia ndani.

Mzee alinyoosha mkono, akaupata mkono wangu wa kushoto, akaviweka vidole vyangu juu ya mkwaruzo mmoja na kuvivuta mpaka mwisho wake. Vilipita bila kukwama.

"Leta ndoo," alisema.

Tulifanya kazi siku sita. Kila doa nililichimbua kwa kipande cha pembe ya ng'ombe kilichonolewa, nikalisugua kwa kidonge cha klorini mpaka likawa jeupe, nikaliacha likauke, nikachimbua tena hadi mizizi ikaisha. Mchanga wa chujio niliubadilisha wote. Kaptura ya mpwa niliichemsha mwenyewe kwenye sufuria, na kijana akasimama kando akilalamika kwamba rangi inatoka. Kisha tukapaka chokaa mpya, na mzee akanipa jiwe lake la mtoni, jeusi, laini, limeingia umbo la kiganja chake.

"Sio hivyo. Umelishika kama kijiko."

"Kwa mkono upi, mzee?"

"Huo huo uliochana."

Siku ya tatu nilipata ujasiri kidogo. Tulikuwa tumechuchumaa kivulini, yeye akisikiliza sauti ya jiwe langu ukutani.

"Kwa nini ulisema vile?" nilimuuliza.

"Wewe una watoto na una kazi hii. Mimi sina kazi tena."

"Una jina, mzee."

"Basi nimelitumia. Sugua, chokaa inakauka."

Bwawa likapona. Viraka vinaonekana mpaka leo, vimepauka kidogo kuliko ukuta, lakini madoa hayakurudi, na watu wa vigae Lalla Batul aliwaambia wasije, akawapa na sababu. Wao ndio waliokwenda kupiga domo sokoni kwa wauza chokaa. Kabla mwezi haujaisha, kila aliyeshika mwiko Marrakesh alijua kwamba Fundi Allal, yule wa bwawa, aliiwahi chokaa. Waliokuwa wakija Ijumaa kumwamkia wakapungua. Kijana mmoja aliyekuwa akimletea mawe yake ayakague akaacha kuja. Mzee hakulalamika. Alikaa mlangoni, na hatua zilipopita bila kusimama aligeuza uso zilikokwenda.

Siku moja Hniya alirudi kutoka hamamu na nywele mbichi, hata kitambaa hakufunga vizuri.

"Wanasema baba alilipua kazi," aliniambia. "Wamesema mbele yangu, wananimwagia maji huku wanasema. Wewe ulikuwepo, Miloud. Ni kweli?"

"Mwenyewe amesema," nikamjibu.

Ilikuwa kweli, na katika maisha yangu sijasema uongo mbaya kuliko huo. Hniya aligeukia ukuta, akaanza kuchana nywele zake, na nikamsikia akivuta pumzi kama mtu aliyepigwa. Nilitoka nikaenda kuosha mikono, ingawa haikuwa michafu.

Mzee alifariki mwezi wa Januari, kwa kifua. Ningeweza kumwomba radhi siku zote zile za kitandani. Nilimlisha supu, nilimgeuza, nilimkata kucha. Radhi sikuomba, kwa sababu kuomba kungenilazimu kwenda kusema na kwa wengine. Nadhani alingoja. Siku ya mwisho aliniita Shoto, akaniuliza kama maji ya bwawa ni masafi. Nikamwambia ni masafi.

Siku ya tatu ya matanga uani palijaa. Wasomaji wa Kurani walikuwa wamemaliza, kuskusi imeliwa, chai inazunguka. Mafundi wa chokaa walikuja kwa ajili ya desturi, wakaketi nyuma kabisa, chini ya mlimau, wakinong'ona. Lalla Batul alitoka upande wa wanawake akiwa na fimbo yake, anajiandaa kuondoka, akasimama katikati ya ua kumtua marehemu mzigo, kama inavyopasa.

"Mbele yenu nyote," alisema, "Fundi Allal mimi nimemsamehe ile chokaa. Duniani na akhera."

"Amina," wakaitikia wale wa chini ya mlimau, na walikuwa wa kwanza kuitikia.

Hniya alikuwa mlangoni mwa jiko ameshika sinia. Niliona alivyoinamisha kichwa, akapokea ule msamaha kwa niaba ya baba yake, kama anayepokea deni. Glasi ilikuwa mkononi mwangu, wa kushoto. Nikaiweka chini.

"Hana cha kusamehewa, Lalla," nilisema.

"Unasemaje?"

"Chokaa yake ilikuwa imelala. Bwawa nililichana mimi, kwa burashi ya waya. Alinikataza siku ya kwanza kabisa, nikafanya. Alipopapasa ukuta alijua ni mimi, kwa sababu ya huu mkono, akajitwika yeye. Nami nikanyamaza."

Sauti yangu ilitoka ndogo. Mmoja wa waliokuwa karibu akasema astaghafirullah kwa chini. Upande wa jiko sikuthubutu kutazama, lakini nilisikia sinia likiwekwa mezani. Nilikuwa na ufunguo wa lango la Lalla Batul mfukoni, na nilishaushika nimrudishie.

Hakuudai. Aliinua fimbo, akaielekeza kwenye mlimau.

"Wale wa nyuma hawajasikia," alisema. "Simama, useme tena."

Nikasimama, nikasema tena, kuanzia lile doa dogo kuliko punje ya dengu.