Nyatiti ya Dakika Tano

Owino alikuwa mpakaji grisi wa mabehewa katika stesheni ya Nakuru, kazi ambayo haijawahi kumfanya msichana yeyote akose usingizi. Lakini jioni, akishajisugua mikono kwa mafuta ya taa na kukaa na nyatiti yake, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, mbele ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hata akina mama wa kanisa waliokatazwa muziki ule walikumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanua. Awuor alianua gauni moja mara tatu.

Shida ilikuwa baba yake Awuor. Mzee Oracha, nyapara wa genge la kutengeneza reli, alisikiliza wajumbe wa posa mpaka mwisho, akanywa chai yao yote, ndipo akajibu.

"Mpiga nyatiti ni mtu wa matanga na pombe. Siku nitakapoona watu wa maana wamekaa wakamsikiliza wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kumkatiza, aje tuzungumze. Kabla ya hapo, apake grisi."

Mzee alijua anachofanya. Nyatiti haipigwi bila kukatizwa. Hiyo ndiyo desturi yake. Mtu akizidiwa na utamu huinuka, hurusha chochote mbele ya mpigaji, na nyuzi hunyamaza ili ajisifu: yeye, ukoo wake, wakwe zake, hata jogoo wake akipenda. Wajaluo huita pakruok. Mpigaji asiponyamaza amemtukana mtu. Kumwambia Owino apige wimbo mzima bila kukatizwa ni kumwambia mtu apike ugali bila mvuke.

Basi mwaka ule mashindano ya riadha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja yakaletwa Nakuru. Mataifa manne! Wenyeji waliyaita mashindano ya dunia, na dunia haikuandika barua kupinga. Kwa sherehe ya kufunga, ratiba ilikuwa hivi: kwaya, kisha bendi ya tarumbeta ya Masinde, kisha nyatiti ya Owino, halafu bendera zishushwe na wageni wawahi treni ya saa kumi na mbili.

"Dakika tano," alisema afisa wa michezo, Mzungu mrefu mwenye filimbi shingoni. "Ya sita, mimi napuliza."

Owino aliona mlango umefunguka. Watu wa maana wangekaa kitako, tena kwa amri ya serikali! Jioni tatu mfululizo alizunguka landi mlango kwa mlango.

"Ndugu zangu, nawaomba, Jumamosi msijisifu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na nikizidiwa?"

"Uma kofia."

Waliapa wote, maskini, wengine kwa uchungu kama watu wanaoacha tumbaku.

Jumamosi ikafika. Kwaya iliimba, ikapigiwa makofi. Bendi ya Masinde ilipuliza mpaka farasi wa polisi wakageuza masikio nyuma. Kisha Owino akaketi kwenye kigoda chake katikati ya uwanja, njuga mguuni, pete ya chuma ya kugongea nyatiti kwenye kidole gumba cha mguu, akaanza.

Dakika ya kwanza, kimya. Wakubwa chini ya turubai waliinamisha vichwa upande mmoja, kama kuku anayechunguza punje. Dakika ya pili, kimya. Upande wa watu wa landi, wanaume wazima walikuwa wameuma kofia, macho yamewatoka. Mzee Oracha alikaa benchi ya mbele, uso umefungwa kama geti la reli treni ikipita. Nyuma yake Awuor alihesabu pumzi.

"Simamisha!"

Sauti ilitoka kwenye mstari wa wanariadha. Owino alikuwa amewaomba Wajaluo wote wa Nakuru. Hakukumbuka kwamba hata Tanganyika wapo.

Kijana mwembamba wa Shirati alichomoka. Kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, alibandua namba yake ya kifuani akaitupa mbele ya nyatiti. Owino alimtazama kwa macho ya kuomba, lakini vidole vyake vililelewa vizuri, vikanyamaza.

"Mimi ni Obara wa Shirati!" alinguruma. "Jana maili sita nilitoka wa mwisho! Walionishinda waliniona wakati wa kuanza tu, mimi niliwaona wote mpaka mwisho! Piga!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Owino alipiga, lakini hakufika mbali. Kimaiyo, mpasua mbao wa Elburgon aliyeshinda mbio hizo hizo, hakuzaliwa Mjaluo, ila hakuweza kuvumilia wa mwisho asifiwe kuliko wa kwanza. Akarusha kiatu.

"Simamisha! Mimi Kimaiyo! Ng'ombe wa baba wakitoroka, wao ndio huchoka!"

Hapo kofia zilitemwa landi nzima. Kila mtu alikuwa mwana wa fulani, shemeji wa fulani. Afisa alitia filimbi mdomoni, akamwona mkubwa wake anacheka mpaka anafuta machozi, akaitoa tena. Owino alipiga vipande vya wimbo kama mtu anayekula samaki wa miiba, na kila kipande alimwona Awuor akienda mbali kidogo.

Ndipo Masinde akasimama na tarumbeta yake. Masinde na Mzee Oracha walipakana ukuta landi, na hawakuwahi kukubaliana hata mvua ikinyesha.

"Simamisha! Mimi Masinde, baba wa tarumbeta kumi na mbili! Binti yangu Truphosa ameolewa na mwalimu! Mkwe wangu anavaa soksi mpaka magotini! Wapo majirani," akageukia benchi ya mbele, "wenye mabinti nyumbani na mdomo tu!"

Watu wakasema, "Yuuu!" Shingo zote ziligeukia kwa Mzee Oracha.

Mzee alikuwa na tochi, na baiskeli isiyo na breki. Hakuna hata kimoja kinachoshinda mwalimu mwenye soksi. Aliinuka. Alitafuta cha kusema juu na chini, na mbele yake hakukuwa na chochote ila Owino. Akavua kofia, akaitupa chini.

"Simamisha! Mimi Oracha! Mwalimu wako, Masinde, hunyamazisha watoto arobaini, tena kwa kiboko! Mkwe wangu mimi amezuia mataifa manne na treni, kwa kidole cha mguu!"

Halafu Awuor akapiga kigelegele kirefu, na wanawake wa landi wakakidaka hewani.

Mzee aliketi polepole. "Nimesema mkwe?" alimwuliza jirani yake wa benchi.

"Umesema, mzee. Hata Unguja wamesikia."

"Nilikuwa najisifu tu."

"Mbele ya nyatiti, mzee, neno halirudi."

Bendera zilishushwa mbio mbio na wageni wakakimbizwa stesheni, Obara akiwa wa mwisho. Owino alikuja na kofia ya mzee mkononi, ameikung'uta vumbi, akainama.

"Baba, wimbo haujaisha. Nimalizie?"

Mzee Oracha aliichukua kofia, akaivaa, akairekebisha.

"Utamalizia kwangu Jumapili," alisema. "Na Masinde aje. Akae mbele."