Mashine Iliyoitwa Mbaruk

...kwa hivyo atasema tu kwamba Mzee Omolo alikuwa mtu wa watu, basi, hilo halina ubaya, mtu wa watu, mchapa kazi, tutamkosa sana, Mungu akutangulie mzee wetu, halafu apitishe maiki na kuketi, sentensi nne, hata mtoto wa chekechea anaweza kusema sentensi nne, na Jepleting alizirudia kichwani huku akiitazama maiki ikianza safari yake upande ule wa meza, mkononi mwa Shiru wa mapokezi, ambaye alikuwa ameanza kulia hata kabla ya kusema neno. Kati ya Shiru na yeye alikuwepo Hiram wa uhasibu tu. Saa nne na robo asubuhi, ukumbi wa ushirika wa maziwa, chai kwenye vikombe, keki nyeupe iliyoandikwa Kwaheri Omolo kwa sukari ya buluu, na Omolo mwenyewe pale mbele kwenye kiti chenye kitambaa, amevalia suti ya kijivu inayompwaya mabegani, amevikwa mapambo ya kumetameta shingoni kama mtoto aliyefuzu, akitabasamu kwa adabu, miaka hamsini na saba, anastaafu mapema... anastaafu, ndivyo barua ilivyosema, na kila mtu humu ukumbini anajua kwamba barua ilikuwa na adabu kuliko aliyeiandika. "Mimi nitasema moja tu," Shiru alikuwa akisema, "miaka yote hii, huyu mzee hajawahi kunipita pale mlangoni bila kuniuliza kama nimekunywa chai," na watu wakacheka ule mcheko wa machozi, na Jepleting akacheka pia, akajisikia akicheka, akashangaa kwamba kicheko bado kinajua njia ya kutoka. Mtu wa watu, mchapa kazi. Na Meneja Muiruri, aliyefungua hotuba, si alisema mbele ya wote, akiwa na kikombe mkononi, "hata kama mambo yalituharibikia kidogo hapo mwishoni, sisi ni binadamu, na kama ushirika tumemsamehe mzee wetu," tumemsamehe, neno hilo lilipita juu ya meza, Omolo akaliinamia kichwa kama mtu anayepokea zawadi, wala hakumtazama Jepleting, hakumtazama hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma, maana kama angemtazama angalau angejua kama anachukiwa.

Wamemsamehe kitu ambacho hakufanya. Acha, usianze, sentensi nne... lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza, kilishuka ngazi chenyewe hadi kile chumba kilichokuwa chini ya ngazi alipoajiriwa miaka mitatu iliyopita, chumba chenye joto la jikoni, kompyuta nne kubwa zikivuma mchana kutwa kama nyuki, vumbi, feni ya mezani iliyofungwa kwa waya, na Omolo ameketi katikati yake na redio yake ndogo, akamwonyesha moja moja kwa kidole kama mtu anayetambulisha familia, "huyu ni Naivasha, anashika mishahara, huyu Gilgil, ni maziwa yanayoingia kila siku, huyu Mbaruk, ni vitabu vya uzazi wa ng'ombe, huyu wa mwisho Njoro," na alipouliza kwa nini akamwambia babake alikuwa mfanyakazi wa reli, alilelewa akizisikia stesheni hizo mezani kabla ya kujua kusoma, "na jina halisahauliki, nyara, namba ndio husahauliwa." Nyara, binti yangu, kwa Kijaluo, alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Naye, na digrii yake mpya na laptopu yake nyembamba, alicheka moyoni, stesheni jamani, na mwaka huo huo akaandika ile ripoti iliyompendeza sana Muiruri, kwamba hakuna haja ya kuwa na mashine nne zinazokula stima na kuzimika kila mvua inyeshapo, inunuliwe moja yenye nguvu, hizo nne ziishi ndani yake kama wapangaji kwenye ploti moja, kila mmoja na mlango wake na kufuli yake, akidhani yuko peke yake. Ilifanyika. Ilifanya kazi vizuri hadi wakurugenzi wakaja kupiga picha. Kisha mwaka jana hatua ya pili, hata hiyo moja iondoke, wapangaji wote wahamie kwenye klaudi, kwenye seva za kukodi zilizo mbali huko, ambako stima haipotei na hakuna mtu wa kupangusa vumbi, na walipoenda Dundori kuwaeleza wakulima mzee mmoja alisimama na kusema mawingu tunayo ya kutosha huku juu, binti, sisi tunataka jua, ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko... na yeye pia alicheka, halafu akasema lile, Mungu wangu, alisema lile. Alisema, "Hata zile kadi zenu za pinki za uzazi wa ng'ombe, sasa mnaweza kuwashia jiko." Mzaha tu. Walicheka tena. Wengine waliwasha.

"Mzee Omolo alinifundisha kompyuta mimi," Hiram alikuwa akisema sasa, maiki ilishafika kwake, lini imefika, "nilikuwa naogopa hata kushika mouse," na Hiram ni mtu wa maneno mengi, asante Mungu, Hiram atachukua dakika tatu, labda nne, na Jepleting akakishika kikombe chake kwa mikono miwili ingawa chai ilikuwa ya moto. Ni yeye aliyeyafuta majina. Omolo alimwomba ayaache na yeye akasema si ya kitaalamu, akayabadilisha kuwa namba, sifuri moja, sifuri mbili, sifuri tatu, sifuri nne, na ratiba ya bakapu, ile nakala ya akiba ya kila usiku, ilikuwa imeandikwa kwa majina ya zamani, akazirekebisha tatu, ya Mbaruk ikampita, ndivyo ilivyokuwa, hakuna siri kubwa zaidi ya hiyo, ikampita kama vile mtu anavyosahau kuzima taa ya choo, na mfumo ukawa ukimtumia barua pepe ya onyo kila alfajiri, kwa miezi miwili, na barua hizo zilikuwa zikienda kwenye folda aliyoifungua mwenyewe ili zisimsumbue. Na ile siku, Alhamisi, tarehe kumi na tatu mwezi wa tatu, baada ya chakula cha mchana, Muiruri amemwambia apunguze mashine zisizotumika, akafungua orodha, akaona sifuri tatu, kimya, hakuna aliyeingia humo wiki sita, akadhani ni ile nakala aliyoiumba ya majaribio... Kimya! Kwa sababu daktari wa kupandisha ng'ombe huleta vitabu vyake mara moja kila miezi mitatu, ndiyo maana ilikuwa kimya, ilikuwa ikingoja, na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwake akila chapati, angemwita tu, mzee, hii ni nini. Mfumo ulimuuliza, una hakika? Mfumo uko na heshima kuliko yeye. Alibonyeza ndiyo. Miaka kumi na moja ya ng'ombe wa Dundori, nani mama wa nani, fahali gani alimpa nani, ikaondoka kwa muda wa kumeza mate. Na wiki hiyo hiyo Omolo, ambaye alikuwa bado ameziweka mashine za zamani ghalani, zimezimwa lakini ziko, alimtumia ujumbe kwa simu, nyara, wanakuja kuchukua hivi vyuma, umehakikisha kila kitu kimefika huko na kinafunguka? Akajibu, yuko kwenye foleni ya benki, hata hakusimama kufikiri, ndio mzee, kila kitu kiko sawa, futa tu hizo diski. Omolo akafuta. Alikuwa mtu wa kufanya alichoambiwa.

Kwa hivyo Aprili vitabu vya daktari vilipofika na hapakuwa na mahali pa kuviingizia, Muiruri aliwaita wote wawili ofisini, akauliza swali moja tu, nani alifuta zile diski, na Omolo akasema, "Ni mimi." Basi. Hakusema aliambiwa. Simu ilikuwa mfukoni mwake, Jepleting aliona umbo lake kwenye kitambaa cha shati, ujumbe ulikuwa humo, na yeye Jepleting alingoja, alisimama pale akingoja mzee aitoe, alikuwa hata ameandaa machozi, na mzee hakuitoa. Kwa nini hakuitoa? Amelizungusha swali hilo miezi miwili, katika nyumba yake ya Free Area, jikoni, kanisani, huenda alimhurumia, huenda alichoka, huenda alifikiri msichana mwenyewe atasema, kesho, keshokutwa... alikuwa anampa nafasi... na yeye kila asubuhi akapita mlangoni kwake na kusema habari ya asubuhi mzee, naye akajibu njema nyara, umeamkaje. Watoto wa mzee wako Kaptembwo, wa mwisho, Shantel, yuko kidato cha tatu. Acha. Usimfikirie Shantel. Sentensi nne.

"...na sio kompyuta peke yake," Hiram akaendelea, "hata mambo ya nyumba, mzee amenisaidia," watu wakapiga makofi kidogo, na Jepleting alijua vizuri alichotaka, alitaka maiki ifike, alie, aseme nisamehe mzee wangu, kila kitu kilikuwa mimi, ukumbi ushike vichwa, Omolo asimame na kumkumbatia, na atoke humo akiwa mwepesi kama aliyebatizwa. Alikuwa ameliona hilo mara nyingi, lilimjia kitamu, na sasa, kwa mara ya kwanza, utamu wenyewe ukamtia shaka... kwa nini hata katika maungamo yake ni yeye anayekumbatiwa? Na ng'ombe je? Hakuna aliyewauliza ng'ombe. Muiruri aliwaambia wakulima data iko njiani inarudi, wenye klaudi wanaitafuta, muwe na subira, na wenye klaudi walijibu Jumanne, yeye ndiye aliyepokea, mistari mitatu, tunasikitika, mashine ikifutwa hukaa siku thelathini kisha haipo tena, na hajamwonyesha mtu, ameiweka, kwenye folda, folda ile ile! Jana tu cucu Wangeci alipiga simu kutoka Dundori, bibi kizee mjane mwenye ng'ombe watatu, "Binti, yule mtamba wangu ameshikwa na joto, Thuo wa mbegu anakuja kesho asubuhi kunipandishia, nauliza, babake alikuwa nani, nisije nikampa babake," na yeye akamjibu, mfumo bado, mama, mwambie Thuo akadirie. Akadirie! Yeye, aliyelelewa Njoro kati ya ng'ombe, ambaye mamake humtajia kila ndama bibi zake hadi wa tatu bila karatasi, anajua ndama wa baba na binti anavyotoka, dhaifu, au hatoki kabisa, na mwaka mzima wa maziwa umekwenda. Kesho asubuhi ilikuwa leo. Thuo yuko barabarani sasa hivi na pikipiki yake na ule mtungi wa mbegu umefungwa nyuma. Na si Wangeci peke yake, ni familia mia nne, wanangoja kitu ambacho hakiji, na kila wiki wanayongoja kuna kadi moja zaidi ya pinki inayofungia sukari au kuwashia moto, kuna mzee mmoja zaidi anayesahau, na wangeambiwa leo, leo tu, wangepekua chini ya magodoro, wangekumbuka wakisaidiana, Omolo mwenyewe angekaa nao kwa kalamu, nusu yake ingepatikana, pengine zaidi ya nusu. Hawahitaji machozi yake. Wanahitaji kuambiwa rekodi hazirudi. Jambo dogo, kavu, halina hata uzuri, na akaona kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko aibu, maana baada yake hakuna kukumbatiwa, kuna kazi tu, na barua nyingine yenye jina lake, labda isiyo na keki.

"...Mungu akubariki sana mzee wetu, ni hayo tu," Hiram akasema, akageuka, na maiki ikawa mkononi mwake, nzito kuliko alivyodhani, ina joto la viganja vya wengine. "Haya, mtaalamu wetu wa klaudi," Muiruri akasema akitazama saa, "kwa ufupi tu, keki inatungoja," na watu wakacheka. Akasimama. Hakuna kilichokuwa kimebadilika, chai ilikuwa bado inafuka, Shiru alikuwa bado anapangusa macho, Omolo alikuwa bado na lile tabasamu la adabu, ila sasa alikuwa amemtazama, hatimaye, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana, hapana, au labda hakikutikisika, labda ni mapambo tu yaliyometameta, na hakuwa na haja tena ya kujua.

"Rekodi za ng'ombe hazirudi," Jepleting akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika mbili kwa pamoja, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayesoma ratiba. "Niliambiwa Jumanne nikanyamaza. Mzee Omolo hakupoteza kitu, mimi ndiye nilifuta, tarehe kumi na tatu mwezi wa tatu, na mimi ndiye nilimwambia afute diski, alinitumia ujumbe akaniuliza kwanza. Mtu ampigie Thuo simu sasa hivi, tafadhali, asimpandishie cucu Wangeci mpaka tujue." Muiruri akanyoosha mkono juu ya keki kuichukua maiki, "Jepleting, haya tutayaongea ofisini," naye akaishika kwa mikono yote miwili, akasogea hatua moja nyuma hadi kiti kikaanguka, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza.